Gari Kung'aa Siyo Gari Kupona

Umeshaiona hii. Gari lenye boneti iliyopauka linaingia kuoshwa pale Sakina au Kijenge. Nusu saa baadaye linatoka linameremeta kama limeshuka bandarini jana. Siri ni kitambaa kilicholoweshwa dizeli. Wiki ikiisha, weupe umerudi, na safari hii umefunikwa na vumbi lililoganda. Je, rangi ilifufuliwa, au macho yako ndiyo yalidanganywa?

Yalidanganywa. Rangi iliyozeeka ina vishimo na mikwaruzo midogo mno, na mwanga ukiipiga unatawanyika kila upande. Ndiyo maana unaona ukungu mweupe. Mafuta yanajaza vishimo hivyo, uso unakuwa laini kwa muda, na rangi inaonekana imekolea. Maji hufanya hivyohivyo kwenye jiwe la mtoni. Jiwe likikauka, mwujiza umeisha. Tofauti ni kwamba dizeli haiondoki upesi, kwa hiyo inakamata vumbi. Na vumbi letu la chini ya Meru si unga wa sembe: ni la volkano, lina chembe ngumu kuliko rangi ya gari. Ukilifuta kavukavu, unapiga msasa bila kujua.

Kampaundi ya mashine angalau inafanya kazi ya kweli, na hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo, kwa sababu inauzwa kama dawa. Kampaundi hairudishi kitu, inakwangua. Magari mengi ya kisasa yana utando wa juu usio na rangi, ambao mafundi wanauita klia. Unene wake kwa kawaida ni kama maikromita 40 hadi 50, yaani mwembamba kuliko unywele wako. Humo ndimo kinga dhidi ya mionzi ya jua ilipo. Kila ukipiga kampaundi kali, unapunguza akiba ambayo haiongezeki.

Na Arusha tunaihitaji akiba hiyo. Tuko karibu na ikweta, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, mbingu ikiwa wazi. Baridi ya asubuhi isikudanganye: gari lako Njiro linaungua sawasawa na la Dar, pengine zaidi.

Sasa, kabla hujatoa hela, fanya vipimo viwili. Osha gari vizuri, kisha mwagia maji sehemu iliyopauka. Ikikolea ikiwa mbichi na kupauka ikikauka, tatizo huenda liko juu juu, na polishi laini inaweza kusaidia. Lakini ukiona klia inachubuka kama ngozi iliyoungua, acha. Hakuna polishi ya kuirudisha. Hapo ni kupaka upya. Pili, sugua kidogo mahali pasipoonekana kwa polishi na kitambaa cheupe. Rangi ya gari ikibaki kwenye kitambaa, ujue unakwangua rangi yenyewe: ama gari halikuwa na klia tangu mwanzo, ama imeshaisha.

Likiwa bado linatibika, anza na polishi laini kuliko zote, kipande kidogo kwanza, kivulini. Ukimaliza paka nta, na uirudie kila baada ya muda. Nta haifufui, inalinda tu. Ukiosha, mwaga maji mengi kwanza kabla ya kugusa, na sabuni ya unga iachie nguo.

Simlaumu kijana wa kuosha magari. Sisi ndio tunaolipia mng'ao wa leo, naye anatupa tunachokilipia. Ila ukienda kununua gari la mkononi, usilikague likiwa limetoka kuoshwa. Omba uliangalie kavu, juani, tena pitisha kidole kwenye boneti. Kikitoka na mafuta, shusha bei au nenda zako.