Kufuli Ubavuni mwa Rivolva: Kosa la Mwaka 2001

Kufuli la ndani ambalo Smith & Wesson ilianza kulitia kwenye rivolva zake mwaka 2001 hutambulika kwa tundu dogo la ufunguo upande wa kushoto wa fremu, juu ya kitufe cha kufungulia silinda. Ufunguo ukizungushwa, kijikono chembamba hupanda kando ya nyundo, na kijino chake huingia kwenye kishimo kilichochongwa ubavuni mwake. Nyundo haivutiki tena, wala silinda haizunguki. Kwa silaha iliyolala kabatini, hiyo ni kazi iliyofanywa vizuri. Lawama haihusu wazo la kufunga bastola. Inahusu mahali kufuli lilipowekwa, na hapo kampuni ilikosea waziwazi.

Asili yake inajulikana. Tarehe 17 Machi 2000 Smith & Wesson, wakati huo mali ya Tomkins ya Uingereza, ilitia saini mkataba na serikali ya Rais Bill Clinton. Kati ya masharti yake, kila bastola ingeuzwa na kufuli la nje ndani ya siku 60, na kufuli la ndani lingefuata ndani ya miezi 24. Wanunuzi waliisusia kampuni na mauzo yakaporomoka. Mei 2001 Tomkins, iliyokuwa imelipa zaidi ya dola milioni 100 mwaka 1987, iliiuza kwa dola milioni 15 pamoja na mzigo wa madeni. Mnunuzi alikuwa Saf-T-Hammer ya Arizona, kampuni ndogo ya vifaa vya kufungia silaha. Muuza kufuli alipokabidhiwa kiwanda cha tangu 1852, haikuwa ajabu kwamba kufuli lilipewa kipaumbele kuliko rivolva yenyewe. Wapinzani waliliita tundu hilo kwa jina la Hillary Clinton. Hawakumtendea haki: mmoja wa walioongoza majadiliano upande wa serikali alikuwa Andrew Cuomo, waziri wa nyumba.

Siasa hizo zimepoa, lakini hoja ya ufundi haijajibiwa, na uzito wake huonekana ukirudi mwaka 1944. Mwaka huo baharia wa Marekani aliuawa na rivolva ya kampuni hiyo, aina ya Victory, iliyoanguka kwenye sitaha ya chuma na kufyatuka. Kizuizi cha nyundo cha zamani kilitegemea unyumbufu wa ubapa wa chuma ili kirudi mahali pake. Grisi ikigandamana humo, kilikwama. Mafundi wa Smith & Wesson hawakuongeza ufunguo wala onyo kwenye kijitabu. Walitengeneza kipande kinachosukumwa na mtambo wenyewe: kidole kikiachia kifyatulio, kipande hupanda kati ya nyundo na fremu, kifyatulio kikivutwa, hushuka. Hakuna springi yake ya kuchoka, hakuna hatua ya kukumbuka, na kwa nje hakionekani kabisa. Huo ndio usalama uliobuniwa na watu waliojua bastola hutumika vipi.

Kufuli la 2001 lilirudisha utegemezi ule ule wa springi ulioondolewa mwaka 1944. Kijikono chake hukaa jirani kabisa na nyundo wakati wote, hata kufuli likiwa limefunguliwa, na springi ndogo ndiyo inayokizuia kisihame. Kwenye rivolva nzito ya chuma huenda mmiliki asipate tatizo maisha yake yote. Lakini zama hizo hizo kampuni ilikuwa ikitoa fremu nyepesi za skandiamu. Model 29 ya chuma, ya .44 Magnum, ina uzito wa zaidi ya kilo moja. 329PD ya skandiamu, inayofyatua risasi hiyo hiyo, ina takriban gramu 700. Teke linalosambazwa kwenye chuma kingi huko, hapa huishia kwenye mkono wa mpigaji na kwenye vipande vidogo vya ndani. Ni kwenye bastola nyepesi za namna hii hasa ambapo wapigaji wameripoti kufuli kujifunga lenyewe katikati ya ufyatuaji. Visa hivyo ni vichache, nao watetezi wa kampuni hupenda kulisema hilo. Lakini rivolva hubebwa kwa sababu moja kubwa: kifyatulio kikivutwa, hupiga. Kuongeza njia mpya ya kushindwa ndani ya mtambo wa kupigia, kwa manufaa ambayo kabati la chuma hutoa vilevile, ni hesabu mbaya. Na ni kiwanda kile kile ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiliacha kufunga mitutu kwa pini, hivyo mazoea ya kupuuza wapenzi wake wa zamani hayakuanza 2001.

Ruger ilionyesha busara zaidi: kwenye New Vaquero ya 2005 kufuli lilifichwa chini ya vibao vya mpini, na fremu haikutobolewa.

Wamiliki wengine hufungua bamba la ubavuni, huondoa kijikono na kuziba tundu kwa kizibo kinachouzwa madukani. Wengine huogopa kufanya hivyo, wakihofia mwendesha mashtaka atakayeuliza mbele ya mahakama kwa nini kifaa cha usalama kiling'olewa. Njia ya tatu ni kununua rivolva za kabla ya 2001, na wengi wameichagua. Kampuni yenyewe iliendelea kuuza baadhi ya 442 na 642, zenye nyundo iliyofichwa, bila kufuli, na mwaka 2024 ikatoa rivolva ndogo za Ultimate Carry zenye fremu isiyo na tundu.