Nani Aliyeivunja Ndoa ya Macbeth?

KILA tamthilia ya Macbeth inapojadiliwa, lawama humwangukia mke. Ati Macbeth alikuwa shujaa mwaminifu hadi mkewe alipomtia uchu wa kiti cha enzi. Hebu tuisome upya, iwe kwa Kiingereza cha Shakespeare au katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968.

Nionavyo mimi, hiki ni kisa cha ndoa kabla ya kuwa kisa cha mauaji. Mwanzoni wawili hawa ni chanda na pete. Mume hangoji hata kufika nyumbani. Anamwandikia mkewe barua kumweleza utabiri wa wachawi. Njama ya kumuua Mfalme Duncan wanaisuka pamoja. Ni kweli, mke ndiye anayemsukuma mume anaposita. Lakini wazo la kuua lilikuwa limeshampitia Macbeth akilini kabla hajafika kwake.

Ufa unaanza taji likishapatikana. Macbeth anapanga kumuua Banquo, na safari hii anamficha mkewe hadi mambo yatendeke. Hapo ndipo ndoa inapokufa. Aliyekuwa mshauri anageuzwa mtazamaji. Katika karamu anajitahidi kuifunika aibu ya mumewe, na baada ya hapo hatuwaoni tena pamoja jukwaani. Katika tendo la tano anatembea usingizini, akinawa damu isiyokuwapo. Wanaomsikiliza ni daktari na mtumishi. Mume hayupo.

Historia nayo ina yake. Malkia huyo alikuwa na jina: Gruoch, mzawa wa ukoo wa kifalme wa Scotland. Kabla ya kuolewa na Macbeth alikuwa ameolewa kwingine na kumzaa Lulach. Duncan naye hakuchinjwa kitandani akiwa mgeni. Aliuawa katika mapigano mwaka 1040. Macbeth akatawala miaka 17, na alipouawa mwaka 1057, aliyerithi kiti ni Lulach. Basi ndoa ile ilikuwa pia muungano wa madai mawili ya ufalme.

Sisemi Shakespeare alikosea. Hata Ebrahim Hussein alitutahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake si yule wa historia. Mtunzi ana uhuru wake. Ila uhuru huo una gharama, na hapa aliyeilipa ni Gruoch: alinyang'anywa jina, ukoo na mwana, akaachiwa uchu peke yake.

Hili ni funzo kwa wanaotunga riwaya na tamthilia za kihistoria kwa Kiswahili. Malkia akiingia katika kisa, na aje na jina lake, watu wake na madai yake. Tamaa ya mfalme tunaiita siasa. Mbona ya malkia tunaiita hulka?