Sahihi ya Mshauri

Fomu yenyewe ni karatasi moja. Juu kuna jina la mwanafunzi na namba ya usajili, katikati jedwali la yuniti, na chini kabisa, mahali ambapo hata jina refu la Kikamba haliwezi kutosha, kuna mstari wa sahihi ya mshauri wa masomo. Binamu yangu alinitumia picha yake kwa WhatsApp akiwa steji ya Wote, anangoja matatu ijae. Yuko mwaka wa tatu, anasoma sosholojia katika chuo ambacho sitakitaja. Swali lake lilikuwa fupi: "Kwani huyu mshauri ni nani?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maanake hilo lilikuwa swali langu pia wakati wangu, na kutopata jibu kulinila mwaka mzima.

Mimi huandika uhakiki. Kazi yangu ni kusoma riwaya na mashairi ya watu na kusema yanapwaya wapi. Lakini kwa wiki mbili sasa nimekuwa nikiisoma hii fomu kama ninavyosoma hadithi fupi, na naona inastahili kuhakikiwa kuliko vitabu kadhaa vilivyolala mezani pangu. Ina wahusika wawili. Mmoja ana jina, namba, simu, kitivo na yuniti saba. Mwingine ana mstari tu. Hakuna nafasi ya kuandika mlizungumza nini, wala mliketi dakika ngapi, wala mwanafunzi aliuliza nini. Ni tamthilia ambayo mhusika mkuu haingii jukwaani, na bado mwishoni anapigiwa makofi kwa muhuri.

Halafu kuna neno lenyewe. Kwa Kiswahili shauri ni jambo la watu wawili au zaidi: mnakaa, mnakula shauri, mnashauriana, mtu anainuka akiwa na fikra ambayo hakuja nayo. Lakini Kiswahili hicho hicho kina "shauri yako," ambayo kila mtoto wa Kenya aliambiwa alipokuwa akipanda juu ya mwembe. Maana ya kwanza ndiyo iliyochapishwa kwenye fomu. Ya pili ndiyo unayokutana nayo ofisini.

Nilikutana nayo mwaka wa nne, wiki ile orodha ya mahafali inabandikwa. Jina langu halikuwemo. Nilidhani ni maksi zimepotea, ugonjwa ambao kila komredi anaujua, nikaanza kuzunguka ofisi moja hadi nyingine na karatasi zangu kwenye bahasha ya kaki. Siku ya tatu karani mmoja akanieleza kwa upole kwamba maksi zote zipo. Kisichokuwepo ni yuniti moja ya lazima, takwimu za kijamii, ambayo ilifunzwa mwaka wa pili. Mwaka huo iligongana na yuniti nyingine kwenye ratiba, nikachukua ile nyingine, nikidhani kwamba kama kuna kosa mtu ataliona. Fomu zangu zote zilikuwa zimetiwa sahihi. Klas-rep alikuwa akizikusanya kwa bunda, anazipeleka, zinarudi na muhuri. Nilizitazama zote siku hiyo, moja baada ya nyingine, na ile sahihi ilikuwa nzuri sana, imepinda mwishoni kama mkia wa kinyonga.

Nyumbani Makueni mamangu alikuwa ameshashonesha nguo. Mjomba alikuwa ameahidi mbuzi. Mbuzi akaongezewa mwaka wa kuishi, nami nikarudi kukaa darasani na watoto wa mwaka wa pili kujifunza wastani na mkengeuko. Karo ya mwaka huo ilitoka kwa ndama wawili. Hilo mamangu hajawahi kulitaja, na ndiyo sababu mimi nalitaja.

Ni rahisi kumlaumu mwenye sahihi. Nimewahi kumlaumu kwa miaka. Lakini nimekuja kuwajua wahadhiri wa kutosha kuona upande wao: wengi wanafunza kwa mkataba wa kibarua, asubuhi mji mmoja, jioni mji mwingine, na malipo yanachelewa hadi mtu anasahau alidai nini. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu wiki saba, na kiini chake kilikuwa pesa za makubaliano ya zamani ambazo hazijalipwa. Mtu ambaye serikali haijakaa naye kula shauri, utamwambia akae na wanafunzi wangapi?

Na hata hivyo, kama ushauri ni kuhesabu yuniti tu, basi mambo yameshatatuliwa. Potali inaweza kuhesabu. Potali ikikukataza kusajili yuniti za mwaka wa nne kabla ya kumaliza za mwaka wa pili, imefanya kazi ambayo kinyonga wangu hakuifanya. Nisingepoteza mwaka. Lakini ningemaliza bila kujua nilichosomea, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapofikiria wanafunzi wa sosholojia.

Wengi wetu hatukuichagua. Ulijaza KUCCPS ukitaka sheria au uuguzi, alama hazikufika, mfumo ukakutupa huku. Unafika kijijini, mzee anauliza unasomea nini, unajibu, anangoja uendelee. Anayesomea uhandisi haongezi neno. Wewe unaongeza sentensi tatu na bado mzee anauliza, "Sasa utakuwa nani?" Hilo swali, bana, linahitaji mshauri. Mwaka 1959 Mmarekani C. Wright Mills aliandika The Sociological Imagination, na wazo lake kuu tulilikariri sote kwa mtihani: kazi ya fani hii ni kuunganisha shida ya mtu mmoja na mambo makubwa ya jamii yake na historia yake. Mtu akikaa na mwanafunzi aliyetupwa sosholojia na mfumo, ambaye karo yake ni ndama, ana somo zima la Mills mbele yake kwenye kiti. Hahitaji slaidi.

Badala yake tumepata utanzu mpya wa fasihi, nao ni kichwa cha mradi wa mwaka wa nne. Unaujua. "Athari za Kitu Fulani kwa Vijana: Uchunguzi wa Kaunti ya Kitui." Badilisha Kitui uweke Makueni, hakuna kinachobadilika. Badilisha uweke Nakuru, bado. Jina la kaunti limewekwa pale kama ua la plastiki juu ya televisheni. Nimepitia miradi ya namna hii kwa rafu nzima (ndiyo, kuna watu hufanya hivyo wakiwa likizo), na mingi ina sura ya pili inayofanana, imetoka saiba moja. Siwacheki walioandika. Mimi pia nilianza na "Athari za Mitandao ya Kijamii." Ndicho kichwa kinachopatikana usipoulizwa swali.

Mimi niliulizwa, kwa bahati tu. Ule mwaka wangu wa ziada kulikuwa na mhadhiri mmoja wa kibarua, mama wa makamo, hakuwa mshauri wangu kwa karatasi yoyote. Aliisoma mada yangu tukiwa tumekaa kwenye ngazi nje ya darasa, akanirudishia bila kuandika kitu. Akaniuliza, "Kwenu, mtu akitaka kuchimba mtaro wa shamba, anaita nani?" Nikasema anaita mwethya. "Nani anakuja? Nani haji? Asiyekuja anafanywa nini?" Sikuwa na jibu hata la moja. Nilikuwa nimeishi ndani ya mwethya tangu kuzaliwa, susu wangu alikuwa mweka hazina wa kikundi chake, na sikujua asiyekuja anafanywa nini.

Kesho yake akaniletea nakala ya kurudufu, kurasa zimekatika pembeni: Self-Reliance in Kenya: The Case of Harambee, kitabu cha Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson, kilichochapishwa Uppsala mwaka 1977. Nikakisoma usiku mmoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na mwanasosholojia mwenye jina la jirani. Mbithi alifunza Chuo Kikuu cha Nairobi, na anaandika kuhusu michango, vibarua vya kujitolea, kokoto na matofali ya shule za vijijini kwa uzito ambao sisi tulifunzwa kuwawekea Durkheim na Weber. Swali la nani anatoa nini, na serikali inaingilia wapi, analifuata mpaka kwa senti. Kwa nini nilikuwa nimemaliza miaka minne bila mtu kunitajia jina hilo? Na si yeye peke yake. Kivuto Ndeti, naye mwanasosholojia, alitoa Elements of Akamba Life mwaka 1972. Kitui ina kitabu kizima cha Martin Hill kuhusu harambee, cha 1991. Mtu anaweza kusema vitabu hivi ni vya zamani, na ni kweli. Mkengeuko pia ni wa zamani.

Sikusomi Mbithi kwa magoti, lakini. Ana imani na kikundi ambayo leo inanipa shaka. Baadaye akawa makamu chansela, kisha mkuu wa utumishi wa umma chini ya Moi, miaka ambayo harambee ilikuwa mahali pa mwanasiasa kupigiwa makofi na kuwekewa kiti cha mbele, hadi sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ikabidi iwawekee mipaka. Ukisoma kitabu ukijua mwandishi ataishia wapi, kila neno "kujitegemea" linakuwa na mwangwi. Nani alijitegemea, na nani aliitegemea harambee? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeweza kuanza hapo tu, na angekuwa na mradi.

Susu alinijibu, by the way. Asiyekuja anatozwa faini. Akikataa faini, siku yake ikifika watu wanakuja wamechelewa, wanachimba polepole, wanakula vizuri. "Hatumfukuzi," akasema. "Tunamwonyesha." Niliiandika hiyo sentensi kwenye sura ya nne na msimamizi wangu rasmi akaizungushia duara nyekundu, akitaka chanzo.

Leo mambo ya kuuliza ni mengi kuliko wakati wangu. Chukua mchanga. Kwa miaka mingi vikundi vya Kitui na Makueni vimejenga mabwawa ya mchanga, kuta za zege zinazokatiza mto wa msimu ili mchanga ujikusanye na maji yajifiche ndani yake, na SASOL wamejenga mengi Kitui tangu miaka ya 1990. Mchanga huo huo ndio Nairobi inaoutaka kwa maghorofa. Makueni ikatunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kwa hiyo una mto mmoja ambao kijana mmoja analipwa kupakia lori usiku na mamake yuko kwenye kikundi kinachojenga ukuta wa kuuzuia mchanga usiende. Wanakula chakula kimoja jioni. Hapo mbona hatuanzi? Au bwawa la Thwake, au wanawake wanaoshona sare kwenye kiwanda cha nguo cha kaunti pale Syongila, Kitui. Au SEKU yenyewe pale Kwa Vonza, iliyopata hati yake 2013, mahali palipokuwa na taasisi ya kilimo ya Ukambani, UKAI. Waulize wazee jinsi UKAI ilivyoanza, uone kama hutamhitaji Mbithi.

Naogopa mtu atasema nataka kila mwanafunzi wa Ukambani aandike kuhusu Ukambani, kana kwamba watoto wa huku hawaruhusiwi kumsoma Bourdieu. Sivyo. Wa Mutomo anayetaka kuandika kuhusu TikTok na aandike. Lakini kuna mtu aketi naye kwanza amuulize kwa nini, na kama jibu ni kwamba ndicho kilichopatikana saiba, wabaki pale kwenye ngazi dakika kumi zaidi. Dakika hizo hazina nafasi kwenye fomu wala mahali popote pa kuzilipa, na yule mama hakulipwa kwa zake. Sijui kama hata kwa yuniti yenyewe alilipwa kwa wakati.

Binamu nilimpigia badala ya kumwandikia. Matatu ilikuwa imeshatoka, mtandao unakatika kila mlima. Nilimsomea orodha ya yuniti za lazima moja moja, tukapata moja iliyokosekana, ya mbinu za utafiti. Akanyamaza sana. Halafu nikamuuliza ataandika kuhusu nini mwaka ujao, akanitajia athari za kitu fulani kwa vijana. Nikamuuliza kikundi cha mamake kinafanya nini na mtu asiyelipa chama.

"Wanamtoa kwa grup ya WhatsApp," akasema. Kisha, baada ya kona moja nzima: "Lakini nyumbani wanaendelea kumtembelea. Na hiyo ni kwa nini?"

Jana amenituma picha ya fomu mpya. Ile yuniti imo. Sahihi pia ipo, imetiwa siku ambayo kwa mujibu wa klas-rep wao mshauri hakuwa chuoni. Chini ya picha ameandika kwamba kuna mwanamke mmoja Mbooni aliyetolewa kwa grup mwaka jana na yuko tayari kuongea, na kama naweza kumtumia nauli.