Jina la Wilaya kama Data: Uhakiki wa Uhifadhi wa Majiranukta ya Kinondoni na Temeke katika Hifadhidata za Kimahusiano

Muundo unaozoeleka wa kuhifadhi mahali katika hifadhidata ya kimahusiano ni jedwali lenye safu mbili za namba, latitudo na longitudo, pamoja na safu ya jina la wilaya. Wahakiki huukosoa kwa kusahau kwamba dunia ni duara. Hoja hiyo ina uzito Oslo kuliko Temeke: karibu na latitudo 6.8 kusini, nyuzi moja ya longitudo ni takribani kilomita 110.5, karibu sawa na ile ya latitudo.

Makosa ya kuingiza namba nayo hujifichua yenyewe. Alama ya kutoa ikisahauliwa, Temeke huhamia Ethiopia. Namba zikibadilishana nafasi, huangukia magharibi mwa Hispania. Hatari zaidi ni kuchanganya majiranukta ya ramani za zamani, zilizojengwa juu ya Arc 1960, na yale ya GPS yanayofuata WGS84. Tofauti yake Dar es Salaam huzidi mita 200, umbali unaotosha kuivusha nyumba ya Manzese hadi mtaa mwingine pasipo yeyote kushtuka.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa umo katika safu ya tatu. Mwaka 2016 Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Mlipuko wa kipindupindu wa 2015 ulitangulia mgawanyo huo. Mgonjwa wa Manzese aliyeandikwa wakati huo chini ya Kinondoni, leo angehesabiwa Ubungo. Ulizo la SQL linalokusanya wagonjwa kwa jina la wilaya litaonyesha Kinondoni imepata nafuu, ilhali kilichopungua ni eneo lake. Bajeti ya dawa haiwezi kuegemezwa juu ya nafuu ya namna hiyo.

Jina, basi, halistahili kuhifadhiwa kando ya nukta. Linapaswa kutokana na ulizo. PostGIS huruhusu nukta kutunzwa pamoja na namba ya mfumo wake wa majira, na mipaka kutunzwa kama poligoni katika jedwali jingine lenye mwaka wa kuanza na wa kukoma. Faharasa ya mtindo wa R-tree hupunguza poligoni za kukaguliwa.

Pingamizi moja linabaki, nalo ni zito. Mipaka ya mitaa iliyochorwa na Ramani Huria kuanzia 2015 ilitegemea pia maelezo ya wenyeji. Poligoni ya namna hiyo ni ushahidi wa watu, na jedwali lisiloonyesha chanzo chake huupa sura ya kipimo cha mpimaji ardhi.