Mchambuzi wa Fantasy Apimwe kwa Namba Zake

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, mechi ya mapema ya Jumamosi kule Uingereza huanza saa 8:30 mchana kwa saa zetu, na dirisha la Fantasy hufungwa dakika 90 kabla, yaani saa 7:00 kamili. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, dirisha nalo linasogea hadi saa 8:00. Kwa mtumishi wa Mji wa Serikali Mtumba hapa Dodoma, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), huo ni wakati wa wali maharage mkono mmoja na simu mkono wa pili, huku masikioni kuna mchambuzi anayeapa kwamba kapteni wa wiki hii hana mpinzani. Jumapili usiku kapteni yule ameleta pointi mbili. Jumatatu mchambuzi amerudi hewani, ana kapteni mwingine asiye na mpinzani.

Kwa wasioucheza mchezo huu wa Fantasy: unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza (makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3), wasizidi 3 kutoka klabu moja. Wakifanya vizuri uwanjani, unapata pointi. Kapteni wako anahesabiwa mara mbili. Badiliko la bure ni moja kwa wiki, usipolitumia unaliweka akiba, na kila badiliko la ziada linakukata pointi 4. Mchezo ulianza msimu wa 2002/03 na sasa una washiriki zaidi ya milioni 11.

Mchambuzi akizungumza dakika kumi, ndani yake mna vitu viwili vilivyochanganywa: habari na utabiri. Habari ni kwamba kocha amesema Ijumaa kuwa beki fulani ana maumivu ya paja, au penalti za timu sasa zinapigwa na mtu mwingine. Utabiri ni kwamba fulani atafunga kesho. Habari ina thamani kubwa, kwa sababu hakuna mtu mwenye kazi yake anayeweza kufuatilia mikutano ya makocha 20 kila wiki.

Chukua mfano wa Cole Palmer. Agosti 2023 alikuwa kijana wa benchi pale Manchester City, bei yake milioni 5. Septemba mosi akahamia Chelsea. Mwanzoni mwa Oktoba akaanza kupiga penalti. Alimaliza msimu na magoli 22 na pointi 244. Hakuna mganga aliyehitajika hapo. Aliyesema Agosti kwamba Palmer atafunga magoli 22 alikuwa anabahatisha, lakini aliyesema Oktoba kwamba kuna mchezaji wa bei ya chini, anaanza kila mechi na sasa ndiye mpiga penalti, alikuwa anafanya kazi yake. Vivyo hivyo msimu wa 2025/26, pale beki alipoanza kupewa pointi 2 akifikisha vitendo 10 vya ulinzi. Takwimu za msimu uliopita zilikuwepo, na mchambuzi aliyezifungua aliwajua mabeki wa kununua kabla mpira haujapigwa.

Kwenye utabiri mambo ni magumu zaidi kuliko sauti ya redioni inavyoonyesha. Erling Haaland alifunga magoli 36 katika mechi 35 za ligi msimu wa 2022/23, rekodi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Huo ni wastani wa goli moja na ushee kwa mechi. Ukiuingiza wastani huo kwenye kanuni ya Poisson, ambayo wanahesabu huitumia kwa matukio adimu kama magoli, unapata kwamba mtu wa namna hiyo hutoka bila goli katika asilimia 36 hivi ya mechi, yaani mechi 12 au 13 kati ya 35. Na huyo ni Haaland katika msimu wake bora. Mshambuliaji mzuri wa kawaida, wa wastani wa magoli 0.6 kwa mechi, hutoka kapa asilimia 55. Kwa hiyo mchambuzi anaweza kukupa jina sahihi kabisa na bado ukaambulia patupu zaidi ya nusu ya wiki. Kinyume chake pia hutokea: jina la ovyo likafunga mawili, na aliyelitaja akatembea mtaani kama nabii.

Ndiyo maana kumpima mtu kwa wiki moja, au hata kwa msimu mmoja wa makapteni, hakutufikishi popote. Tuseme mchambuzi wako kweli ni hodari, chaguo lake la kapteni linalipa wiki 55 kati ya 100, wakati la jirani yako linalipa wiki 50. Msimu una wiki 38 tu. Katika wiki 38, bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha mtu kwa asilimia 8 kirahisi, kwa hiyo tofauti ile ya asilimia 5 inamezwa. Ili uione kwa uhakika wa kuridhisha unahitaji kama wiki 400, zaidi ya misimu kumi. Wachambuzi wengi hawana hata nusu ya umri huo hewani.

Kipimo bora ni nafasi ya mwisho wa msimu, kwa kuwa inajumlisha maamuzi yote: nani ameuzwa, nani ameachwa benchi, pointi ngapi zimechomwa kwa mabadiliko ya ziada. Hapa Fantasy ina kitu ambacho uchambuzi mwingine wa soka hauna. Kila timu ina namba yake, na ukiifungua unaona historia ya mwenyewe, msimu kwa msimu, bila kumwomba ruhusa.

Ila nafasi nayo isomwe kwa akili. Kati ya washiriki milioni 11, asilimia 10 ya juu ni watu milioni 1.1. Kama kila kitu kingekuwa bahati tupu, watu 11,000 wangeingia humo misimu mitatu mfululizo bila kujua lolote. Tena kuna maelfu kwa maelfu ya timu zilizoachwa tangu Septemba, wenyewe wamesahau hata nywila, na timu hizo zinamsukuma juu kila anayebaki. Mtu anayejinadi kwa asilimia 10 bora hajasema kitu. Asilimia 1 misimu mitatu mfululizo ni habari nyingine: kwa bahati tupu wangefika watu 11 hivi duniani kote. Ukimpata wa namna hiyo, keti umsikilize.

Na wapo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, walichapisha uchunguzi wa data za Fantasy ulioonyesha kwamba wanaofanya vizuri msimu mmoja huelekea kufanya vizuri na misimu mingine. Ujuzi upo, basi. Bingwa wa 2019/20, Joshua Bull, alikuwa mwanahesabu wa Oxford, na msimu huohuo Magnus Carlsen, wakati huo bingwa wa dunia wa sataranji, aliongoza dunia nzima kwa muda mwezi Desemba na akamaliza ndani ya kumi bora. Sidhani kama ni bahati kwamba wote wawili ni watu wa hesabu, ingawa wawili hawatoshi kujenga hoja.

Uchunguzi mwingine, wa Goldstein, McAfee na Suri mwaka 2014, uliangalia uchaguzi wa kapteni na kukuta jambo lenye manufaa kwetu: kikundi kidogo cha wachezaji waliochujwa kwa rekodi zao kinaushinda umati mzima. Kwa lugha ya vijiweni, usimfuate mmoja mwenye sauti nzito na usifuate kundi lote. Chagua watano wenye historia, uone wanakubaliana wapi.

Kuna tatizo moja ambalo wachambuzi hawaligusi kabisa. Wao wanakushauri upande nafasi duniani. Wewe hushindani na dunia, unashindana na watu 14 wa ligi ndogo ya idarani kwako. Kama uko nyuma ya kinara kwa pointi 60 zikiwa zimebaki wiki sita, na nyote mnamsikiliza mchambuzi mmoja, kapteni wenu ni yuleyule, na akifunga matatu pengo linabaki 60. Anayefukuza anahitaji kutofautiana kwa hesabu. Anayeongoza amwige anayemfuata, afunge mlango. Mchambuzi hajui uko upande gani, kwa hiyo ushauri wake hata ukiwa sahihi unaweza kukufaa au kukuumiza. Ongeza na tabia ya kuhimiza mabadiliko ya ziada kila wiki. Ukimtoa mchezaji wa wastani wa pointi 3.5 ukamleta wa pointi 5, unapata faida ya pointi 1.5 kwa wiki, na zile 4 ulizokatwa zinarudi karibu wiki ya tatu. Kipindi cha redio hakiwezi kukaa wiki tatu bila la kusema. Timu yako inaweza.

Huku uwanda wa kati tuna mtabiri tunayeweza kumtumia kama kipimo, nayo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Kabla ya mvua za Msimu, zinazonyesha Dodoma na Singida kuanzia Novemba hadi Aprili, TMA hutangaza mwelekeo: chini ya wastani, wastani au juu ya wastani, kwa eneo na kwa kipindi. Haimwambii mkulima wa Bahi kwamba Jumanne saa tisa itanyesha shambani kwake. Inampa uwezekano, naye anaamua kama ataegemea mtama na uwele au atajaribu mahindi. Msimu ukiisha, vituo vya kupimia mvua vina namba, na kauli ya Oktoba imeandikwa, inaweza kuwekwa mezani. Hivyo ndivyo mtabiri anavyopaswa kufanya kazi: aseme kwa kiwango cha uhakika alichonacho, aandike, asubiri kukaguliwa.

Uchambuzi wa Ligi Kuu yetu ya NBC uko mbali na hapo. Wachambuzi wetu wana kipaji cha kusimulia, na baadhi wanausoma mpira vizuri sana, lakini kauli ya Jumatatu ikishapeperushwa haina daftari. Msimu wa 2015/16 magazeti ya Uingereza yalishtukia Leicester ikichukua ubingwa ambao mawakala wa kamari waliupa uwezekano wa 5,000 kwa 1. Hapa nyumbani msimu wa 2021/22 mfungaji bora alikuwa George Mpole, magoli 17, wa Geita Gold iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa goli moja. Mambo hayo hayakuwa rahisi kutabiri, na simlaumu mtu. Februari 2025 basi la klabu ya Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikirejea kutoka Ruangwa, na mechi yao na Simba ikaahirishwa. Nani angeiweka hiyo kwenye uchambuzi? Ninachodai ni daftari tu. BBC ilimfanya mchambuzi wake Mark Lawrenson atabiri matokeo kila wiki kwa miaka mingi, halafu ikachapisha pointi zake mbele ya wageni, wakiwemo wanamuziki na waigizaji, na mara kadhaa alishindwa. Redio zetu zinaweza kufanya hivyo kesho asubuhi, na wasikilizaji wangefurahi.

Mchambuzi wa mwisho ni yule anayeanza na Fantasy na kuishia kukuuzia mkeka wa uhakika. Huyo usihangaike kumpima kwa takwimu. Muulize anakula wapi. Mara nyingi analipwa na kampuni ya kubeti kwa kila mtu anayejisajili kupitia kiungo chake, hata mkeka ukichanika.

Wengine waliobaki, waombe namba ya timu. Fungua misimu mitatu iliyopita. Akiwa ndani ya asilimia 1 au karibu yake, chukua habari zake zote na upime utabiri wake pamoja na wa wengine wanne wa aina yake. Akikataa kutoa namba, msikilize kama unavyosikiliza muziki, ila kapteni mchague mwenyewe kabla ya saa 7:00.