Bamia za Yusuf, unga wa Tambu

Watu wengi niliozungumza nao kuhusu Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, wanaikumbuka bustani. Ni haki yao. Ile bustani ya tajiri Aziz, yenye ukuta na maji na miti ya matunda, imepikwa vizuri na ndiyo inayobeba jina la riwaya. Mimi kilichonibaki kichwani ni bamia. Kurasa za mwanzo kabisa, Yusuf ana miaka 12 na nyumbani kwao Kawa hali imeshakuwa mbaya. Mama yake anachemsha mifupa mpaka itoe supu nyepesi, yenye mafuta yanayoelea juu. Siku zikiwa mbaya zaidi kuna mchuzi wa bamia tu, na mtoto, pamoja na njaa yake yote, haupitishi kooni ule mlenda. Akisema ana njaa, mama anamtania: si akale wadudu wanaotoboa mbao!

Unaweza kuisoma sehemu hiyo haraka ukasema, sawa, familia ni maskini, tuendelee na hadithi. Ndivyo tunavyosoma chakula kwenye riwaya zetu mara nyingi. Kinapita kama pazia la nyuma ya jukwaa: pilau ikitajwa tunajua kuna sherehe, ugali wa chumvi tunajua kuna dhiki, basi. Wahakiki tunakimbilia dhamira na ukoloni na nafasi ya mwanamke, na vyungu tunaviacha jikoni. Hoja yangu hapa ni kwamba Gurnah ameweka jambo zito ndani ya vile vyungu, na kwamba asiyeangalia Yusuf anakula nini, saa ngapi na baada ya nani, atapata tabu sana kuuelewa mwisho wa kitabu.

Angalia kinachotokea "Ami Aziz" anapokuja kuwatembelea. Nyumba ile ile ya supu ya mifupa inajaa harufu. Kuna mchuzi wa kuku na wa kondoo, wali wa mchele mzuri unaong'aa kwa samli, umetiwa zabibu na lozi, kuna maandazi na mahamri. Mtoto anazunguka na mate yanamjaa mdomoni. Zaidi ya hapo, mgeni akiondoka humwachia sarafu. Sasa jiweke kwenye nafasi ya tumbo la Yusuf. Tumbo halijui habari ya deni. Halijui kwamba baba yake anamkirimu mtu huyu kwa sababu anadaiwa naye, na kwamba siku moja mgeni ataondoka na mtoto badala ya pesa. Linachojua ni kwamba huyu bwana akija, kunanukia. Yusuf amempenda Aziz kwa tumbo kabla hajamfahamu kwa akili, na mapenzi ya namna hiyo ni magumu sana kuyang'oa.

Baadaye, pale dukani pwani, Khalil anamrudia na kumrudia kwamba Aziz si ami yake hata kidogo. Ni bwana, aitwe seyyid. Yusuf anasikia, lakini hasikii. Wasomaji wengine hukasirika hapa, wanasema kijana huyu mbona amelala, mbona haasi? Mimi naona jibu lilishatolewa Kawa. Aliyezoea utotoni kwamba chakula kizuri huja na mwenye nguvu, na kwamba kazi yake yeye ni kusimama pembeni angoje, hajifunzi kuasi kwa kuambiwa neno moja tu.

Halafu ule mwisho. (Kama hujasoma, ruka aya hii.) Askari wa Mjerumani wamepita na mateka wao, wameacha kinyesi pale walipopiga kambi, na mbwa wanakuja kukila. Yusuf anawatazama, na anajiona. Anaona jamaa zake wa kula. Muda mfupi baadaye anaukimbilia ule msafara wa askari. Kuna mabishano yasiyoisha kuhusu uamuzi ule: ni kukata tamaa, ni uhuru, ni kumkimbia Aziz na kuangukia kwa bwana mwingine? Vyovyote iwavyo, mwandishi hakuokota mfano wa kula kwa bahati. Kitabu kilichoanza na mtoto ambaye hata kwa njaa kali hakuweza kumeza bamia kinaishia na kijana anayejiuliza amemeza nini miaka yote hii. Amina yupo, ukuta upo, mlango unaofungwa nyuma yake upo, sikatai. Lakini ukiondoa ule mstari wa kula, mwisho unabaki kama kituko.

Wahenga wetu wana lao: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sina ugomvi mkubwa nalo ila lina kasoro moja, linamfanya mlezi kuwa fundi na mtoto kuwa udongo. Hakuna aliyemlea Yusuf awe mtu wa kungoja. Alijilea mwenyewe kwa kutazama. Hata watafiti wa lishe wamegundua mambo yanayofanana na haya kwa njia yao. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, Philadelphia, walichapisha utafiti kuhusu kina mama waliokunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha. Watoto wao, walipoanza kulishwa uji wenye ladha ya karoti, walikunja uso kidogo kuliko wengine. Yaani darasa la kwanza la chakula huanza kabla hujaota jino. Na mwaka 2006 kundi alilokuwamo Leann Birch lilitoa matokeo ambayo kila mzazi wa "maliza, maliza!" angepaswa kuyabandika jikoni: watoto waliosukumwa wamalize supu waliila kidogo kuliko walioachwa, na waliisema vibaya zaidi.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Babamukuru.

Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga ilitoka mwaka 1988, na sijui riwaya nyingine ya Kiafrika ambamo meza ya chakula inatisha namna ile. Tambu, msichana wa kijijini, amekulia kwenye utaratibu ambao yeyote aliyekulia kwetu ataujua bila kufafanuliwa: maji ya kunawa yanapitishwa kwa ukubwa, wanaume kwanza, na ukikosea mpangilio utaona haya mbele ya ukoo mzima. Anapohamia kwa baba yake mkubwa kule misheni, anakuta uma na kisu. Havimtii mkononi. Maiguru, mke wa Babamukuru, anaona, anaagiza aletewe sadza, yaani ugali wao, apate kula kwa raha. Ni tukio dogo na lenye huruma. Mezani hapo hapo binamu yake Nyasha, aliyerudi kutoka Uingereza, anajipakulia kabla ya zamu yake, na hewa yote inabadilika.

Baadaye Nyasha anaacha kula. Baba anaamuru ale. Anakula, anakwenda chooni, anatapika. Mzungu daktari wa akili anaambiwa habari zake na anasema Waafrika hawaugui ugonjwa wa namna hiyo. Nimeshasoma maelezo mengi yanayosema mwili wa Nyasha ni uwanja wa vita vya ukoloni. Ni kweli, lakini ni maneno makubwa mno, yanaruka sahani. Kwenye sahani kuna baba ambaye anauona ugali uliobaki kama tusi. Amelisha ukoo, amesomesha ukoo, na binti wake mwenyewe anamkatalia tonge. Nyasha naye hana kitu kingine cha kumkatalia. Nguo analipiwa, ada analipiwa, vitabu ananyang'anywa. Mdomo ndio mlango pekee ambao ufunguo wake anao yeye.

Tambu, kinyume chake, anamaliza kila kitu. Tunasahau kwamba huyu ndiye mtoto aliyelima mahindi yake mwenyewe ili apate ada, kaka yake Nhamo akawa anayaiba na kuyagawa shuleni, na yaliyobaki akayapeleka kuuza mjini Umtali. Mtoto aliyeibiwa mahindi hawezi kumwelewa mtoto anayekataa nyama. Nadhani hapo ndipo Dangarembga alipofanya kazi ya hali ya juu kabisa: amewaweka wasichana wawili chumba kimoja, wanapendana, na hakuna hata mmoja anayeweza kula kwa tumbo la mwenzake.

Mimi nilisoma bweni miaka sita. Ugali na maharage, foleni ndefu, kengele, na kaka wa kidato cha juu anayeipitia sahani yako kwa macho. Leo nikikaa na wenzangu hotelini namaliza wao hawajamega hata tonge la tatu, na mke wangu ameshachoka kuniambia "polepole, hakuna anayekufukuza". Hakuna anayenifukuza kweli. Mkono ndio haujapata taarifa.

Na mama yangu, tukimwandalia mezani siku ya Idi, atakaa dakika tano, ataona chumvi imepungua, atanyanyuka. Ukimfuata utamkuta jikoni amekalia kigoda, anakula ukoko kwenye sufuria. Ana miaka zaidi ya sitini na hakuna tena wanaume wa kuwatanguliza. Baba alishatangulia mbele ya haki. Firigisi tunamwekea yeye siku hizi. Anampa mjukuu.

Ndiyo maana nina neno na Gurnah, pamoja na heshima yote kwa mshindi wa Nobeli ya 2021. Mama yake Yusuf anachemsha mifupa, anapika ile karamu ya Aziz, anatania kwa uchungu, halafu anatoweka. Sikumbuki kuona tonge likienda mdomoni mwake. Labda ni sahihi kwa sababu tunaona kwa macho ya mtoto, na watoto hawaoni mama zao wakila. Lakini riwaya ina kurasa nyingi za safari ya bara, za mizigo na hongo na homa, na hamu ya kujua ilinibaki: yule mwanamke, siku ya mgeni, alikula lini, na nini?

Ngũgĩ wa Thiong'o amelijibu kidogo swali la aina hiyo katika Dreams in a Time of War, kumbukumbu zake za utoto za mwaka 2010. Mama yake anapomuuliza kama angependa kwenda shule, anamweleza wazi kwamba wao ni maskini na huenda asipate chakula cha mchana. Mtoto anakubali. Ni mkataba, na umeandikwa kwa njaa. Napenda kwamba Ngũgĩ haupambi kwa machozi. Anautaja, anaendelea kutembea kwenda shule tumbo tupu, na kutoka hapo kila ukurasa unaohusu vitabu unanukia ile njaa. Kwake kusoma na kukosa chakula ni mambo yaliyozaliwa siku moja.

Anayetaka kuona tabia za utotoni zinavyomtafuta mtu mzima mpaka zimpate, asiishie Nervous Conditions. Aende mpaka This Mournable Body ya mwaka 2018, kitabu cha tatu cha Tambu, baada ya The Book of Not. Wengi wamelalamika kwamba kimeandikwa kwa nafsi ya pili na kinachosha. Kinachosha, ndiyo. Kiingereza kinalazimika kumwita Tambu "wewe" kila sentensi. Kwa Kiswahili ingekuwa silabi moja tu, unafungua, unaficha, unanyamaza, na nadhani kingepumua vizuri zaidi. Tambu sasa yuko Harare, amesoma, hana kazi ya maana, ujana unampita. Kutoka kijijini mama yake anampelekea mfuko wa unga wa mahindi kwa mkono wa mtu.

Unga, kwa mwenye shida mjini! Kwa hesabu ya kawaida huo ni msaada. Tambu anauona kama mzigo, kama shahidi aliyetumwa kuja kumtazama anavyoishi. Hana raha nao. Mtoto aliyelinda mashina ya mahindi yake na mwanamke anayekwepa unga wa mama yake ni mtu yule yule, na katikati yao kuna ile meza ya misheni, sadza aliyoletewa peke yake huku wenzake wakila kwa uma, na miaka yote aliyojifundisha kutokuwa yule msichana aliyehitaji kuletewa. Mama hakukosea kipimo wala anwani. Alimpelekea mwanawe chakula alichomlea nacho, na huyo mwana alikuwa ameshakula vingine vingi njiani.