Kaizari Asiyeonekana: Jibu la Mtawala katika "Kinjeketile"

Mtahiniwa anapoulizwa aeleze mgogoro mkuu katika tamthilia ya "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein (1969), mara nyingi huandika kwamba ni mgogoro kati ya Waafrika na Wajerumani, yaani maji dhidi ya risasi. Jibu hilo si kosa, na huenda likampatia alama. Lakini linamwacha nje mtu mmoja ambaye bila yeye vita hivyo havieleweki. Mwaka 1905 Wamatumbi, Wangindo na wenzao walikuwa wakihesabiwa kuwa raia wa koloni la Kaizari Wilhelm wa Pili. Walipoinuka na silaha, huku wakitiwa moyo na imani ya maji ya Hongo, walikuwa wanamwasi mfalme. Hussein hakumpa mfalme huyo nafasi jukwaani. Nakuomba, mwalimu mwenzangu, tuuchunguze ukimya huo kabla ya kurudi kwenye orodha zetu za maudhui.

Tuanze na historia, kwa ufupi. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa huko Nandete. Uasi ulienea upesi kusini mwa nchi, na habari zilipofika Berlin, Kaizari aliamuru manowari na wanamaji wapelekwe kumsaidia gavana wake, von Götzen. Mwezi Agosti wapiganaji walipoikabili boma ya Mahenge, bunduki za rashasha ziliwafyeka. Hata hivyo si risasi zilizoua wengi. Wakuu wa jeshi waliamua kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikafanya kazi iliyobaki hadi 1907. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Baadhi ya wanahistoria wa baadaye wanataja 250,000 au zaidi.

Haya yote hayamo katika tamthilia, ila lile la rashasha. Njaa haionyeshwi. Wala hatuoni barua kutoka Berlin au gavana akipokea amri. Mamlaka yanamfikia mwanakijiji kupitia shamba la Bwana Kinoo, mjeledi wa askari na, mwishoni, pingu. Mtu anaweza kudai kwamba huu ni udhaifu, kwamba mwandishi amemfanya adui awe mwembamba mno. Mimi siafiki. Mkulima wa Rufiji hakupata kumwona Kaizari, akajua tu uzito wa mkono wake. Laiti Hussein angemleta mfalme mwenye taji jukwaani, hadhira ingepata mtu wa kumzomea, na lile swali gumu analotaka kuliuliza lingepotea.

Swali hilo liko katika onyesho la mwisho. Hapa ndipo mwandishi alipoigeuza historia waziwazi, na inashangaza kwamba wengi wetu tunapita bila kusimama. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule mtu halisi, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hakuiona Mahenge. Kinjeketile wa tamthilia anaachwa hai hadi watu wake wameshindwa na maiti wametapakaa. Kwa nini? Ili mtawala aweze kumtaka jambo moja zaidi: atamke kwamba maji yalikuwa uwongo.

Hebu fikiria kidogo. Serikali imeshinda. Ina bunduki, ina gereza, ina kitanzi. Inahitaji nini kutoka kwa mfungwa aliyefungwa minyororo? Inahitaji neno lake. Uasi wa kidini una tatizo hilo kwa kila mfalme: mwili wa mwasi unaweza kunyongwa asubuhi moja, lakini imani haifi hadi aliyeihubiri aikane. Kitunda, aliyeteswa na kuchoka, anamsihi mwenzake akubali, na hoja zake si za mwoga, kwani watu kweli wamekufa kwa ajili ya maji hayo. Kinjeketile anakataa. Anajua kwamba akikana, kesho watoto wataambiwa kuwa kupigania nchi yao kulikuwa kosa. Neno lililokwisha kuzaliwa halirudishwi tumboni.

Hapa mtahiniwa mwerevu atauliza: je, Kinjeketile aliyaamini maji? Tamthilia haitoi jibu rahisi, na tusilitoe sisi. Kumbuka kwamba yeye mwenyewe alijaribu kuichelewesha vita. Sababu ya kusitasita kwake inatuleta kwa mfalme wa pili wa tamthilia hii, ambaye naye haonekani.

Kinjeketile anapotoka mtoni akiwa amepagawa, anawatabiria watu kuwa Mjerumani atashindwa, kisha wao watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia. Baadaye, akili ikiwa imemrudia, maneno hayo yanamtisha: kumbe Hongo amewatoa kwa bwana mmoja na kuwakabidhi kwa bwana mwingine? Hiki ni kinaya kikali kuliko kile cha maji kutozuia risasi, nacho kinazidi uzito ukijua historia ya pwani. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, takriban miaka 50 kabla ya uasi huu. Na mwaka 1890 ni Sultani Ali, mwana wa kumzaa wa Seyyid Said huyo huyo, aliyeuachia utawala wa Wajerumani ukanda wa pwani kwa marki milioni nne. Watu wanaahidiwa kuwa watoto wa mfalme ambaye mtoto wake halisi alikuwa ameshaiuza pwani yao kwa yule wanayempiga. Hussein ni mzaliwa wa Kilwa. Si mtu wa kulitumia jina hilo bila kujua linabeba nini.

Kwa hiyo, unapofundisha maudhui ya ukombozi, usiwaache wanafunzi waandike "umoja" na "ukoloni" tu. Waulize: watu hawa wanataka kutawaliwa na nani baada ya ushindi? Katika kundi lote lile linaloshangilia, ni Kinjeketile pekee anayeliona swali hilo, naye analiona akiwa amechelewa.

Neno moja kwa watahiniwa kuhusu maswali ya dondoo. Ukipewa maneno ya onyesho la gerezani, usieleze tu kwamba msemaji yuko kifungoni baada ya kushindwa. Taja anachotakiwa kufanya, anayemtaka afanye hivyo, na faida ya mtawala katika jambo hilo. Usimwite Kinjeketile "mwongo" wala "shujaa" kabla ya kupitia kisa cha Seyyid Said, maana sifa ya mhusika lazima ithibitishwe na tendo. Na ukijumuisha historia katika insha, itenganishe na tamthilia: andika wazi kwamba aliyenyongwa Agosti 1905 ni Kinjikitile wa Ngarambe, na aliyekataa kulikana neno lake baada ya vita ni Kinjeketile wa Hussein. Wasahihishaji hukutana na watu hao wawili wakiwa wamechanganywa katika sentensi moja.